Swali Ambalo Mhandisi Longor Hakuliuliza Nyumbani

Wazazi wenzangu wa Lodwar, na ninyi wa Kakuma, Lokichar na kila mahali ambapo watoto huacha kucheka wakisikia lango likifunguliwa, sogeeni niwasimulie. Kisa hiki si cha mlevi wala cha mwizi. Ni cha mtu mwema aliyeheshimiwa na wengi, na ndiyo maana kinauma.

Asubuhi ile nyumbani kwa Mhandisi Longor palikuwa shwari. Upepo wa mto Turkwel ulikuwa ukitikisa mikoma ya jirani, na jua lilikuwa bado halijaanza ukali wake. Awoi, mkewe, alikuwa uani akipanga samaki wakavu katika magunia, samaki aliowanunua Kalokol ili awapeleke kwa mwenzake wa biashara kule Kakuma. Binti yao wa pekee, Akidor, msichana wa chuo, alikuwa jikoni akimimina chai. Longor mwenyewe alikuwa barazani na redio yake, viatu vimeng'arishwa kama vile bado anasubiri gwaride, ingawa alikuwa amestaafu jeshi la anga.

"Mama Akidor," aliita, "usihangaike na lori la Jumamosi. Nimeitwa Kakuma nikautazame uwanja wa ndege kabla ndege za jeshi hazijaleta chakula cha ukame. Nitakupeleka mimi leo na pikapu."

Jikoni kikombe kilianguka kikavunjika.

"Nani?" Longor aliuliza. Neno moja tu, wala hakupandisha sauti.

"Ni mimi!" Awoi alijibu haraka kutoka uani, mikono yake imejaa samaki.

Hebu fikiri, msomaji. Kikombe kimevunjika jikoni, na anayekiri yuko uani. Longor alikuwa mtu wa kutazama kipande cha bati kilichoungua akakuambia kilitoka kwenye bawa lipi, lakini jibu lile halikumshangaza hata kidogo. Aliongeza sauti ya redio akaendelea kusikiliza habari.

Ili uelewe kwa nini kikombe kilianguka, sharti kwanza umjue Longor.

Alizaliwa hapa hapa Turkana, mtoto wa wafugaji. Kichwa chake cha hesabu kilimpeleka shule, shule ikampeleka jeshini, na jeshini akawa mhandisi wa ndege. Alipokuwa bado kijana, helikopta ya kikosi chao ilianguka ikiwa na rafiki yake wa damu ndani. Uchunguzi ulipofanywa ikajulikana kwamba fundi mmoja aliusahau msumari mdogo wa kufungia nati kwenye mkia. Fundi yule alikumbuka kosa lake helikopta ikiwa bado chini. Alitaka kusema, akamwona mkubwa wake amekunja uso, akaogopa. Akanyamaza, na watu wakafa.

Longor hakupona jambo lile. Alibadilisha kazi, akawa mkaguzi wa usalama, mtu wa kuamua kama ndege inafaa kuruka au haifai. Miaka yote iliyofuata alipigania jambo moja: fundi anayekiri kosa lake mwenyewe asiadhibiwe. Wakubwa walimcheka, wakasema anadekeza askari. Hakujali, aling'ang'ana mpaka jambo hilo likaandikwa katika kanuni za kikosi. Kisha akaweka desturi yake. Kila asubuhi, kabla ndege haijatoka kwenye hanga, aliwasimamisha mafundi na marubani akawauliza, "Kuna neno?" Halafu alitulia. Alimtazama kila mmoja, akangoja, hata kama jenerali alikuwa amesimama nje akiangalia saa.

Siku moja koplo aliyeitwa Kipkemboi aliinua mkono, jasho linamtoka. "Afande, sioni tochi yangu. Sijui niliiacha wapi." Ndege ilikuwa tayari imewashwa injini, na wakubwa wameshafunga mikanda. Longor aliizuia. Waliteremshwa wote juani, wakanuna, na ndege ikafunguliwa. Tochi ilipatikana imelala karibu na nyaya za usukani. Pale pale mbele ya watu, Longor alimshika Kipkemboi mkono akamwambia, "Asante kwa kuniambia." Maneno hayo yalienea kambi zote, na kuanzia siku hiyo watu walisema.

Huyo ndiye Longor wa kazini. Ukimfahamu kwa upande huo tu, utamvulia kofia.

Lakini Longor wa nyumbani alikuwa mwingine. Hakuwa mpigaji, hilo nalisema wazi. Silaha yake ilikuwa kununa. Mtoto akikosea, alimwita mezani, akamhoji swali juu ya swali mpaka mtoto akajikanyaga kwa maneno yake mwenyewe. Kisha alinyamaza. Alipita karibu na mtoto huyo kama anapita karibu na kiti. Akidor alipokuwa msichana mdogo alimvunjia baba yake miwani, akaenda kumwambia mwenyewe, kwa miguu yake. Alikaa bila kusikia sauti ya baba yake mpaka mvua zikaja zikaisha. Mtoto akajifunza. Mama naye alikuwa amejifunza zamani. Katika nyumba ile kukawa na usemi wao wawili, wa kunong'ona: "Ngoja baba atulie." Na baba hakutulia kamwe kiasi cha kutosha.

Utauliza, je, Longor hakuona? Hakuona. Aliona nyumba yenye adabu, isiyo na makelele, akajipongeza.

Sasa turudi kwenye kikombe. Kuna jambo Longor hakulijua asubuhi ile, lakini wewe nitakuambia.

Wiki iliyotangulia, Longor akiwa safarini, Akidor alichukua pikapu bila ruhusa akaenda na wenzake Ferguson's Gulf, kando ya Ziwa Turkana, kula samaki na kupiga picha ufukweni. Hapakuwa na sababu nyingine yoyote, ulikuwa ujana tu. Wakirudi, alivuka laga, mto mkavu wa mchanga, kwa kasi, na jiwe likagonga chini ya gari. Bomba la breki likapasuka. Fundi wa kando ya barabara huko Kanamkemer alikata palipoumia, akapaunga kwa mpira na kuukaza kwa bangili za chuma. "Hii ni ya kukufikisha nyumbani tu," alimwambia. "Usiende nayo safari." Bomba jipya liliagizwa Kitale, lije na basi. Akidor alimweleza mama yake kwamba amegonga jiwe na kuna kitu kimepasuka, lakini fundi amekifunga. Hakutaja breki, kwa sababu hakutaka kumtisha hata mama yake. Awoi alishika kichwa, kisha akasema usemi wao ule ule: "Ngoja baba atulie. Nitamwambia mimi."

Mpango ulikuwa bomba lifike Ijumaa na gari litengenezwe kimyakimya. Longor aliposema "leo", mambo yote yakaharibika.

Alilikagua gari kabla ya kuondoka, kama kawaida yake. Alilizunguka, akapapasa matairi, akainama kutazama kama kuna tone lolote mchangani. Mchanga ulikuwa mkavu. Aliingia akakanyaga breki, ikasimama imara chini ya mguu. Mpira ule ulikuwa bado unajikaza. Akidor alisimama kando na kikapu cha mama yake mkononi.

"Baba," alisema, "kwa nini msipande gari la abiria leo?"

Longor aligeuka. "Kwa nini?"

"Basi tu. Nimefikiria tu."

"Umefikiria nini?"

Alimtazama. Ndugu zangu, mnalijua jicho hilo. Msichana alihamishia kikapu mkono wa pili.

"Hakuna kitu, Baba. Safari njema."

"Kama huna sababu, usinicheleweshe," Longor alisema, akawasha gari.

Mtu yule yule aliyemfundisha kila mkaguzi kwamba swali la kusitasita la mdogo ndilo la kusimamishia ndege! Angesikia sauti ile hangani, angezima injini na kuketi chini.

Njiani walisalimiana na wachungaji, "Ejok!", na Awoi aliwapungia mkono. Walipoacha mji nyuma akafunga dirisha, akajiweka sawa kitini. Longor alikumbuka baadaye jinsi alivyoikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Baba Akidor, kuna jambo nataka kukuambia. Lakini usikasirike."

"Kama ni la kunikasirisha, liache tufike kwanza," akasema Longor. "Usiniharibie asubuhi."

"Haya," akajibu Awoi. "Tukifika."

Mbele yao barabara iliteremka kuelekea daraja la laga, na ngamia walikuwa wakivuka polepole. Longor alikanyaga breki. Mguu ulizama mpaka chini. Akakanyaga tena, hapakuwa na kitu. Alivuta breki ya mkono, akalazimisha gia, akafanya yote ambayo mtu mwenye ujuzi hufanya, lakini uzito wa samaki ulikuwa ukiwasukuma. Ili asiwagonge ngamia na mchungaji wao, aliligeuza gari kando. Likapinduka kwenye mawe.

Alipozinduka, samaki walikuwa wametapakaa kila mahali na mguu wake ulikuwa umevunjika. Awoi alikuwa amelala karibu naye. Alimwita kwa jina lake la usichana, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu Akidor azaliwe. Awoi hakuitika. Jambo lile alilotaka kusema aliondoka nalo.

Mazishini walikuja watu wengi. Kipkemboi, ambaye sasa alikuwa na vyeo vyake begani, alisafiri kutoka mbali. Alipopewa nafasi ya kuzungumza alisimama karibu na jeneza, akalia kidogo, kisha akamgeukia Longor akasema:

"Mimi ninaishi kwa sababu ya mzee huyu. Wengi tunaishi kwa sababu yake. Nilipoteza tochi nikiwa koplo, na nilijua nikisema nimekwisha. Nikasema, na mzee akanishika mkono. Alitufundisha kwamba ukweli hauna adhabu. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuogopa kumwambia Mhandisi Longor kosa lake."

Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Hapo Akidor aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa, akapita katikati ya wanawake bila kumtazama yeyote, akatoka. Walidhani anakwenda kulia peke yake. Jioni hakurudi. Siku ya pili zikaja habari kwamba yuko Kakuma kwa Ayak, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekuwa mshirika wa mama yake katika biashara ya samaki.

Longor alishindwa kuelewa kwa nini mtoto amkimbie katika msiba. Lakini huzuni yake ilikuwa imeshika njia aliyoizoea. Alitaka kujua chanzo cha ajali. Mara alipoweza kutembea na magongo, alikwenda mahali gari lilipovutwa, akalala chini yake kwenye vumbi. Hakuhitaji muda mrefu. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye bomba, bangili moja ikining'inia. Ilikuwa kazi ya juzi juzi tu, chuma kilikuwa bado kinang'aa.

Alikwenda kwa mafundi wa Kanamkemer, mmoja baada ya mwingine, kifua kinamwaka. Aliyeifanya kazi ile hakuficha.

"Ni binti yako aliyeleta gari, mzee. Nilimwambia asiende nalo mbali. Pole sana, mzee wangu." Alipangusa mikono yake kwa kitambaa. "Alikuwa analia. Aliniuliza mara nyingi kama utaona ukiinama. Hakuuliza kingine."

Longor alikwenda Kakuma siku hiyo hiyo kwa basi. Njia nzima alikuwa akipanga maswali, moja juu ya jingine, kama alivyozoea kuyapanga. Walipopita kwenye lile daraja alifumba macho.

Ayak alikuwa mlangoni mwa kibanda chake, mwanamke mrefu aliyevaa nguo nyeusi za msiba. Hakusogea ampishe.

"Baba Akidor, pole. Karibu. Lakini simama hapo kwanza. Wewe nakuja kama baba ama nakuja kama askari?"

"Nimekuja kumwona mtoto wangu."

"Awoi alikuwa dada yangu. Huyu mtoto hakuna kula vizuri tangu mazishi. Kama unakuja na ile uso, mimi naomba urudi Lodwar. Utakuja siku nyingine."

Longor alitaka kumjibu kwa ukali. Badala yake alijikuta ameshika uso wake kwa mkono, kana kwamba angeweza kuupapasa na kujua ukoje. Ayak alimtazama, akampisha.

Akidor alikuwa ameketi kwenye gunia la samaki, kama yale ya mama yake. Alisimama wima alipomwona, mikono ubavuni, kama askari mbele ya mkubwa. Hakungoja kuulizwa. Alieleza yote: ziwa, jiwe, fundi, bomba la Kitale. Alieleza bila kujitetea, akitazama magongo ya baba yake.

"Nilitaka kukuambia asubuhi ile, Baba. Nikasema mpande gari la abiria."

"Nakumbuka."

"Ukaniangalia."

Akanyamaza, na Longor naye akanyamaza. Kile kimya cha zamani kilimjia kama kilivyomjia siku zote, na kwa mara ya kwanza alikiona kinavyofanya kazi. Mabega ya mwanawe yalishuka. Mtoto alikuwa anajiandaa kuishi ndani ya kimya hicho, pengine maisha yake yote.

Akili ilimrudisha hangani. Akamwona Kipkemboi na jasho lake. Alikumbuka maneno aliyowaambia mafundi wengi wasio damu yake, na hakuwahi kuyasema katika nyumba yake hata mara moja.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Akidor, wewe uligonga jiwe. Mimi ndiye niliyekufunga mdomo. Mama yako alitaka kuniambia njiani, nikamkataza. Kosa la ajali hii ni langu."

Akidor alilia kwa sauti, na Longor akadondosha magongo yake akamshika. Ayak alitoka nje akawaacha.

Ningependa niwaambie kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri. Si kweli. Akidor hakurudi Lodwar siku ile, wala baada ya arobaini. Aliacha chuo, akashika nafasi ya mama yake katika biashara. Longor humtembelea kwa basi, kwa kuwa hataki tena kuendesha gari. Huketi naye nje ya kibanda, wakanywa chai, na kabla hajaondoka humuuliza lile swali.

"Kuna neno, mwanangu?"

"Hakuna, Baba," Akidor hujibu.

Hujibu haraka mno. Na Longor, aliyesikiliza majibu ya watu maisha yake yote, anajua jibu la haraka kama hilo maana yake ni nini. Hunyanyua magongo yake akaenda kungoja basi, na wiki inayofuata huja kuuliza tena.

Mafunzo

Mzazi mwenzangu, hofu si adabu. Nyumba ambayo watoto hawasemi makosa yao si nyumba isiyo na makosa, ni nyumba ambayo makosa yamefichwa chini ya gari na safari bado inaendelea. Mtoto akikosea, mrekebishe, ajifunze, alipe hata, lakini yule aliyekuja mwenyewe kukuambia usimfanye ajute kuja. Na kununa si upole. Wako watoto wanaoogopa kimya cha baba kuliko fimbo ya mwalimu.

Nanyi vijana, mkiona hatari mbele ya mtu, semeni, hata sauti ikitetemeka. Uso wa baba uliokunjwa utakunjuka siku moja. Kaburi halifunguki.

Longor alilinda watu wengi angani kwa swali fupi, akasahau kuliuliza mezani pake. Leo, mkishaketi kula, waulize wako: kuna neno? Kisha tulia ungoje, hata kama chakula kitapoa. Na wakikuambia jambo la kukukasirisha, usiwaambie wangoje mfike kwanza.